Maswali ya Wasomaji: Asasi Ndogo, Fedha Zake na Watu Inaowahudumia

Makala yetu ya mwezi uliopita kuhusu asasi za vijijini imetuletea barua nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kikundi kidogo kinachowahudumia wanyonge kifanye nini ili kiweze kusimama chenyewe? Tumechagua barua nne. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao.

SWALI

Ndugu Mshauri, sisi ni kina mama wa Muheza, mkoani Tanga. Tulianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, kisha tukajikuta tunawasaidia watoto wenye ulemavu ambao baadhi yao walikuwa wakifichwa ndani. Sasa tunawapeleka kliniki, tunawatafutia viti mwendo, na wengine wameanza shule. Watu wema hutuchangia, na fedha huingia kwenye simu ya mweka hazina wetu kwa kuwa tunamwamini kuliko wote. Tumeshauriwa tusajili asasi ili tupate wafadhili, na kuna kijana anataka laki tano atuandikie andiko la mradi. Tuanzie wapi?

JIBU

Dada zangu, anzeni na simu ya mweka hazina, kabla ya usajili na kabla ya andiko. Sisemi hivyo kwa kumshuku. Laini ile imesajiliwa kwa jina lake na kwa kitambulisho chake, na likitokea la kutokea, Mungu apishie mbali, fedha zilizomo zitahesabiwa katika mirathi yake, nanyi mtabaki mkijieleza mbele ya wakwe. Hata akiwa mzima hayuko salama, kwa kuwa nauli ya mtoto wa kupelekwa Hospitali ya Bombo imelala mahali pamoja na fedha zake za kuuza machungwa, na siku mwanachama mmoja akinuna na kuuliza, hatakuwa na namna ya kuonyesha zipi ni zipi. Mkimwondolea mzigo huo mtakuwa mmeulinda uaminifu wake.

Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakihitajika kila fedha zinapotoka, na hao watatu wasiwe wa ukoo mmoja. Kwa kawaida benki itawaomba katiba, muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Baadhi ya kampuni za simu nazo zina akaunti za vikundi ambazo haziachii fedha mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe, na kwa walio mbali na mji hiyo inaweza kuwafaa zaidi.

Baada ya hapo nendeni kwenye karatasi, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo asasi nyingi ndogo zinapokwama. Mama mmoja amempeleka mtoto Bombo. Amepanda bodaboda kutoka kijijini hadi barabara kuu, kisha basi hadi Tanga mjini, kisha bajaji hadi hospitali, na pale amelipia vipimo. Hospitali imetoa stakabadhi. Basi labda limetoa tiketi. Bodaboda na bajaji hawakutoa kitu. Wengi hapa huandika mstari mmoja, "nauli na matibabu", na jumla yake, na mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka safari ile ilikuwa ya nani. Chapisheni hati ya malipo, hata kama ni ya kurudufu kwa mashine ya duka la steshenari, yenye nafasi za tarehe, kiasi, madhumuni ya safari, njia iliyopitwa, jina na namba ya simu ya dereva asiyetoa stakabadhi, saini ya aliyepokea fedha, saini ya aliyelipa na saini ya aliyeidhinisha, huku aliyelipa na aliyeidhinisha wakiwa watu wawili tofauti. Jina la mtoto msiliandike hapo; andikeni namba yake, na orodha ya majina ikae kando, mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Hati hiyo ibanwe pamoja na stakabadhi zilizopo, ipewe namba, kisha iingizwe kwenye daftari la fedha siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi mtu ambaye hakushika fedha alinganishe daftari na taarifa ya benki, na matokeo yasomwe mbele ya wanachama wote, hata wale wasiojua kusoma, kwa sauti na kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mkikaa miezi sita mkifanya hivyo bila kuruka hata mwezi mmoja, ndipo mfikirie usajili. Na hapo kuna jambo la kutenganisha. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinagawana faida kwa wanachama. Hicho kiko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kama kikundi cha kijamii cha huduma ndogo za fedha. Asasi isiyo ya kiserikali iko chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, ambayo kwa marekebisho ya 2019 inasema wazi kwamba wanaoiunda hawagawani faida. Mkichanganya viwili hivi katika katiba moja mtagombana siku ya kwanza mchango mkubwa utakapoingia, kwa sababu wapo watakaouona kama gawio. Kiacheni kikundi cha akiba kiendelee, na asasi ya watoto iwe kitu chake, yenye katiba yake, akaunti yake na kamati yake, hata kama sura zinazokutana ni zilezile.

Usajili unaweza kuombwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na kwa kazi yenu ngazi ya wilaya inatosha. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye wa kumwona kwanza. Cheti hudumu miaka 10, lakini kinakuja na wajibu wa kila mwaka: ada, taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 nazo zinaitaka asasi inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 izitangaze fedha hizo hadharani pamoja na matumizi yake. Nayasema haya kwa sababu wengi huambiwa faida za cheti bila kuambiwa gharama zake, na mkaguzi wa hesabu hafanyi kazi ya bure.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, haina riba lakini hurejeshwa. Wazazi wa watoto hao wanaweza kuiomba kwa biashara. Msiikope kwa ajili ya nauli za kliniki.

Na huyo kijana wa laki tano, mshukuruni na mmuage. Andiko analouza mara nyingi ni lile alilomwandikia mwingine, limebadilishwa jina la wilaya. Anachotaka kujua mfadhili makini ni watoto wangapi wapo katika vijiji gani, wana ulemavu wa aina gani, kwa nini walifichwa, nani aliyewashawishi wazazi na kwa maneno gani, na safari moja ya kliniki inagharimu kiasi gani. Hakuna anayeyajua hayo kuliko ninyi, na hati zenu za malipo zitakuwa tayari zimejibu nusu yake. Andikeni kurasa mbili kwa mkono, kisha mwalimu wa shule ya jirani azichape.

Jambo la mwisho kwenu: picha za watoto kwenye makundi ya WhatsApp zikome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata kama isingekuwepo, mzazi aliyemtoa mtoto wake ndani kwa aibu na woga hakuwapa ruhusa ya kumtangaza nchi nzima.

SWALI

Salamu kwako Mshauri. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Kwale. Nimehudhuria semina nyingi za kujengewa uwezo katika hoteli za Mombasa na Diani. Vyeti ninavyo, ila kikundi hakijabadilika, na wenzangu wameanza kuninung'unikia kuhusu marupurupu. Kosa liko wapi?

JIBU

Ndugu katibu, wenzako wana haki ya kunung'unika, ingawa kosa si lako peke yako. Semina ya aina hiyo humjenga mtu mmoja, tena kwa siku chache, akiwa mbali na mahali anapofanyia kazi, na aliyeiandaa hupima mafanikio kwa orodha ya waliohudhuria. Ukirudi nyumbani unakuta hakuna kompyuta uliyofundishiwa, na wenzako hawajui ulichojifunza. Ukipata ajira kesho, uwezo wote wa kikundi utaondoka ndani ya begi lako.

Huna haja ya kwenda mbali kuona njia nyingine. Hapo Gazi, katika kaunti yako, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kupima mikoko na kuandaa taarifa ambazo mnunuzi wa ng'ambo atazikubali ni kazi ngumu, na haikujifunzwa hotelini: watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, wana kituo pale pale Gazi, na walikuwa wakipanda mikoko pamoja na wenyeji miaka mingi kabla ya senti ya kwanza kuingia. Matumizi ya mapato nayo huamuliwa na wanakijiji wenyewe, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Mtaalamu alikaa karibu, kazi ikafanyika mbele ya macho ya watu, na uamuzi ukabaki kwao.

Kwa hiyo mwaliko ujao ukija, uliza mambo mawili: kama mnaweza kwenda wawili, na mmoja wao awe mweka hazina au mwanachama wa kawaida, na kama mwezeshaji atakuja Kwale baada ya miezi mitatu kukaa nanyi siku moja juu ya vitabu vyenu. Wakikataa yote mawili, baki nyumbani. Na kuhusu marupurupu, pitisheni azimio katika mkutano: nauli na chakula ni vya msafiri, kinachozidi kinaingia kwenye kikundi au kinatangazwa. Manung'uniko yataisha wiki hiyohiyo.

Ikiwa mnafikiria kupanda ngazi, kumbukeni kwamba vikundi vya kijamii nchini Kenya husajiliwa chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi hivyo, ilhali mashirika ya manufaa ya umma yana sheria yake, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 14, 2024. Baada ya kungoja zaidi ya miaka 11, hakuna sababu ya kuikimbilia kabla ya kuisoma.

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri. Ninaratibu asasi ndogo wilayani Makete, mkoani Njombe. Tunawafuatilia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na mabibi wanaolea wajukuu yatima. Fedha zetu zilitoka kwa shirika kubwa lililokuwa likipata ruzuku ya Marekani. Mapema 2025 tuliambiwa tusimamishe kazi, na hazikurudi tena. Wafanyakazi wanadai, kodi ya ofisi inadaiwa, na watu wa kujitolea wanauliza kama bado tupo. Je, tufunge?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na wenzako wapo wengi. Amri ya Januari 20, 2025 ilisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na ilipofika Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa rasmi. Mkoani kwenu pigo linaumiza kuliko kwingine: utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, dhidi ya 4.4 kwa nchi nzima.

Kilichofungwa ni mradi. Asasi yenu ni kitu kingine, ingawa nakiri kwamba kwa namna mlivyolipwa ilikuwa vigumu kuona tofauti. Shirika kubwa liliwalipia shughuli: ziara kadhaa za nyumbani, mikutano kadhaa, fomu kadhaa za kujaza. Mhasibu, ukaguzi wa hesabu, akiba ya dharura na muda wa viongozi kufikiri havikuwa na mstari kwenye bajeti, au vilikuwa na mstari mwembamba. Kanuni za Marekani zenyewe ziliruhusu gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji kama hizo, kwa kiwango cha asilimia 10, kilichopandishwa hadi 15 mwezi Oktoba 2024, lakini asasi ya ngazi ya chini ilikuwa na nafasi gani ya kudai, ikiwa hata haikuambiwa kwamba kiwango hicho kipo? USAID nayo ilikuwa imejiwekea lengo la kupeleka robo ya fedha zake moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji ifikapo 2025, na haikulifikia. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hamkuweka akiba. Mfumo haukuwaruhusu kuiweka.

Sasa, kwa mpangilio. Madeni ya wafanyakazi kwanza, na ndani yake michango ya NSSF na kodi ya mshahara inayodaiwa na TRA, kwa sababu hayo yana riba na faini, na hayafutiki kwa kufunga mlango. Andikieni shirika kubwa barua rasmi kudai gharama zote mlizotumia kihalali kabla ya amri ya kusimamisha. Ambatanisheni hati, wekeni nakala, na msikubali kujibiwa kwa simu. Pikipiki na kompyuta msiziuze mpaka msome mkataba unasema ni mali ya nani mradi unapokoma. Kisha ofisi iachwe. Ombeni chumba kwenye ofisi ya kata au kanisani, hata kama ni kona ya kabati moja lenye kufuli, kwa kuwa majalada ya watu mnaowahudumia ni siri yao na hayawezi kulala nyumbani kwa mtu.

Baadaye waite watu wa kujitolea na uwaambie ukweli wote, pamoja na kiasi kilichobaki benki. Waliokuja kwa ajili ya posho wataondoka, na wasisemwe vibaya, maana nao wana watoto. Watakaobaki mtajikuta mnajua kila bibi anaishi wapi, nani anakwepa kliniki kwa kuogopa kuonwa, na mjukuu gani ameacha shule ili akavune viazi. Orodha hiyo ndiyo mtaji wenu. Ipelekeni kwenye konga, yaani mtandao wa wilaya wa watu wanaoishi na VVU, muone mnavyoweza kugawana kazi badala ya kupishana kwenye nyumba zilezile. Na jina la mtu lisitoke kwenye jalada bila ridhaa yake, hata kwa konga. Kwa mganga mkuu wa wilaya ulizeni nafasi zilizopo katika mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa na serikali Januari 2024, kwa kuwa baadhi ya watu wenu wana uzoefu wa kazi hiyo kuliko wengi watakaoomba.

Halmashauri nayo msiisahau, ingawa najua mtasema haina fedha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla yake. Asasi nyingi hufika kwa mkurugenzi mwezi Mei zikiwa na barua ya maombi, wakati bajeti imeshapita. Nendeni kwenye mikutano ya vijiji mapema, na hoja ya mabibi wanaolea yatima iingie kwenye mpango wa kijiji kwa kauli ya wanakijiji, ipande hadi kata, ndipo diwani aitetee. Hamtapata mishahara kwa njia hiyo. Mnaweza kupata sare na madaftari ya watoto, msamaha wa michango ya shule, au kaya iliyosahauliwa ikafikiriwa upya kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini.

Na mfadhili mwingine akija, maana atakuja, mwambieni tangu kikao cha kwanza kwamba bajeti itakuwa na mstari wa mhasibu, wa ukaguzi na wa uendeshaji. Akisema taratibu zake haziruhusu, punguzeni shughuli mlizoahidi mpaka zilingane na fedha halisi. Mimi ningekataa kabisa mkataba unaotaka ziara nyingi na kulipia mafuta tu, ila najua ni rahisi kulisema hili nikiwa Dar es Salaam.

SWALI

Assalaam alaykum. Tuko Muscat, wenye asili ya Pemba, na tunachangishana ili kisima chenye pampu kichimbwe kijijini kwetu. Kamati ya kijiji ipo. Tufanyeje ili fedha zisipotee?

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu zangu. Mmefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma. Niliyowaeleza kina mama wa Muheza kuhusu akaunti na hati za malipo yanawahusu pia, ila sheria ya asasi niliyoitaja hapo juu ni ya Tanzania Bara pekee. Zanzibar ina taratibu zake za usajili, na kamati iende kwa sheha na ofisi ya wilaya ielekezwe.

Kasoro ninayoiona mara nyingi kwa michango ya ng'ambo ni kwamba hulipia kitu kinachoonekana na kuacha kinachokiendesha. Wachangiaji hutaka picha ya bomba likitoa maji siku ya uzinduzi, na mwaka wa pili pampu ikiharibika kamati huwapigia simu tena. Tengeni sehemu ya mchango, hata robo yake, iwe akiba ya matengenezo katika akaunti ya kamati, na mlipie mafunzo ya vijana wawili wa hapohapo kijijini kwa fundi atakayeifunga pampu, wakiwa naye tangu siku ya kwanza ya kazi. Kinamama ndio wanaochota, kwa hiyo wawemo kwenye kamati kwa idadi ya maana, si mmoja wa kuandika mahudhurio. Tumeni fedha kwa awamu, na awamu ya pili isitoke kabla hesabu za ile ya kwanza hazijasomwa mbele ya wanakijiji na nakala yake kuwafikieni.

Lakini kabla ya yote hayo wasilianeni na Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, mjue kama eneo hilo limo kwenye mipango yake na masharti ya kuchimba ni yapi, na iulizeni kamati ijibu kwa maandishi: umeme wa ZECO wa kuendeshea pampu atalipa nani, kila kaya itachangia kiasi gani kwa mwezi, na kaya isiyo na uwezo itachota kwa utaratibu gani.